Kufuta taa si kutengeneza gari

Najua nimepotea kwa muda, na wale walionizoea watasema kwamba kila nikipotea hurudi na hadithi ya kompyuta iliyoharibika. Leo pia ni vivyo hivyo, ila kompyuta yenyewe ina magurudumu manne. Nataka tuzungumze kuhusu zile taa za dashibodi zinazowaka betri ya gari ikiisha moto, na tabia yetu ya kuzifuta harakaharaka kama mtu anayefuta ujumbe wa deni kwenye simu. Nina maoni makali kidogo juu ya jambo hili, na nitawaeleza nilivyoyapata.

Wakati wa Pasaka nilienda Mombasa kwa treni, nikaliacha gari langu dogo la Kijapani nje ya nyumba, mtaani kwetu Nairobi. Nilikaa huko wiki mbili. Niliporudi nikabonyeza kitufe cha kufungua milango, kimya. Nikafungua kwa ufunguo kama watu wa zamani, nikajaribu kuwasha, nikasikia tak tak tak, kisha hata hiyo ikanyamaza.

Jirani yangu ni dereva wa teksi na hakosi nyaya za jampa kwenye buti. Akaleta gari lake, tukaunganisha, injini ikanguruma. Nikashusha pumzi. Halafu nikaangalia dashibodi. Jamani! Ilikuwa inawaka kama duka la simu usiku. Taa ya injini, taa ya ABS, taa ya gari linaloteleza, taa ya usukani, taa ya mfuko wa hewa. Zote kwa pamoja. Redio nayo ilikuwa imeandika maneno ya Kijapani ikidai kadi ambayo labda ilibaki Yokohama.

Nikampigia fundi. Akaja na mashine yake ya kusoma kompyuta za gari, akaichomeka chini ya usukani, akabonyeza mara mbili tatu, taa zikazima zote.

"Hizi ni taa tu, bosi. Ni betri ilichanganya kompyuta. Imeisha hiyo."

Nikamtumia shilingi 2,000 kwa M-Pesa, nikamshukuru sana. Sikumuuliza mashine ilikuwa imesema nini kabla ya kufuta. Mimi, mtu ambaye kazi yangu ya kila siku ni kusoma kumbukumbu za makosa ya programu, sikuuliza.

Baada ya siku tatu taa ya ABS ikarudi, hiyo moja peke yake. Fundi akaja tena, akafuta tena, safari hii bure. Akaniambia bado ni mambo ya betri, kompyuta inahitaji kuzoea. Nikakubali, maana hata mimi nilikuwa nataka kukubali.

Wiki hiyo mama alikuwa Nairobi kwa kliniki ya macho, na Jumamosi nikamrudisha Nakuru. Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza. Tulipofika karibu na Rironi, taa ya ABS ikawaka. Niliiona. Nakumbuka hata nilivyojisemea, "Aah, ni ile ya betri." Nikashika barabara ya chini, ile inayoteremka kwenda Mai Mahiu.

Wanaoijua barabara ile wanajua malori yake. Katikati ya mteremko lori la mbele likapunguza mwendo ghafla, nami nikakanyaga breki. Kwa kawaida ABS ikifanya kazi unasikia kanyagio kikitetemeka chini ya mguu, na gari linaendelea kukusikiliza usukani. Siku hiyo hakuna kilichotetemeka. Magurudumu ya mbele yalikaza, gari likateleza moja kwa moja kama sabuni kwenye sinki, na usukani nikauzungusha bure. Nikaachilia breki, nikakanyaga tena, nikaachilia, nikakanyaga. Tulisimama nikiwa naweza kusoma hata maandishi madogo kwenye tela la lori.

Mama hakusema neno mpaka tulipofika Mai Mahiu. Halafu akasema, "Mwanangu, hili gari lako limepona kweli?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu naandika makala hii.

Kwa nini betri ikiisha taa zote huwaka

Tuanze na upande wa fundi wangu, kwa sababu hakuwa amedanganya kabisa. Ni kweli kwamba betri dhaifu huwasha taa ambazo hazina ugonjwa wowote nyuma yake.

Gari la kisasa lina kompyuta nyingi ndogo. Moja ni ya injini, nyingine ya breki, nyingine ya usukani wa umeme, nyingine ya mifuko ya hewa, na kadhalika. Zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa utaratibu unaoitwa CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Kila kompyuta inatuma ujumbe mfupi mfupi na zingine zinasikiliza. Ya breki inasema gurudumu hili linazunguka kwa kasi hii, ya usukani inasema umepindwa kwa nyuzi hizi, ya injini inasema mzunguko ni huu.

Betri nzima iliyopumzika huwa na volti 12.6 hivi. Ikishuka hadi 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha. Unapowasha gari, stata inavuta umeme mwingi sana kwa sekunde moja au mbili, na betri iliyochoka inaanguka chini ya volti 9 au hata zaidi. Hapo baadhi ya kompyuta zinajizima na kuanza upya, na nyingine zinabaki macho. Zilizobaki macho zinaita wenzao, hazipati jibu, na zinaandika kwenye kumbukumbu: nimemtafuta fulani, simpati. Halafu zinawasha taa.

Nyinyi mliowahi kufanya kazi kwenye chumba cha seva mnajua hali hii. Stima inapotea, inarudi, mashine zinaanza kuamka moja moja bila mpango. Programu iliyoamka kwanza inalalamika kwamba hifadhidata haipo. Hifadhidata ipo, bado inaamka tu. Ukifungua kumbukumbu baada ya dakika tano utakuta mistari mia mbili ya makosa, na karibu yote ni kelele.

Neno muhimu ni "karibu". Kati ya mistari hiyo mia mbili, mmoja unaweza kuwa unasema diski ya tatu inakufa. Ukifuta faili yote bila kuisoma umefuta kelele na umefuta ukweli pamoja. Hakuna mtu mwenye akili timamu kazini kwangu anayeweza kufanya hivyo na akabaki na kazi. Kwa gari, tunalipa mtu atufanyie.

Misimbo ina maana

Kila kosa linaandikwa kwa msimbo wa herufi moja na tarakimu nne. Herufi P ni injini na giaboksi, C ni breki, usukani na magurudumu, B ni mambo ya bodi pamoja na mifuko ya hewa, U ni mawasiliano kati ya kompyuta zenyewe. Ukiona P0562, gari linasema umeme wake ulishuka mno. Ukiona U0100, kuna kompyuta inasema haikuipata kompyuta ya injini. Hizo mbili baada ya betri kufa ni za kutarajiwa, hazimtishi mtu.

Huko Nakuru nilipata fundi mzee ambaye kabla ya kufuta chochote alichukua kipande cha katoni na kalamu. Akasoma, akaandika. Safari hii kulikuwa na msimbo mmoja tu: C0200. Kwenye gari langu maana yake ni sensa ya kasi ya gurudumu la mbele kulia. Akainua gari kwa jeki, akageuza gurudumu, akanionyesha waya wa sensa. Ulikuwa umetoka kwenye kishikizo chake, unasuguana na chuma kila gurudumu likipinda. Ngozi ya waya ilikuwa imeisha na nyuzi za ndani zimebaki mbili tatu. Miezi michache kabla nilikuwa nimebadilisha bushi za mbele, na yule aliyefanya kazi hakurudisha waya mahali pake.

Sasa oneni. Waya ule haukukatwa na betri. Ulikuwa unakufa polepole, na siku betri ilipoisha ukajificha katikati ya kelele. Fundi wa kwanza angeandika orodha tungeona U nyingi, P0562 moja, na C0200 imekaa peke yake kama mgeni asiyealikwa. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Badala yake nilifundishwa kwamba taa ya ABS ni "mambo ya betri", na somo hilo ndilo nililolikumbuka pale Rironi.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa leo. Hasara ya kufuta ovyo si ile elfu mbili. Hasara ni kwamba inatuzoesha kutoamini taa. Mtu akishaambiwa mara mbili kwamba taa inadanganya, mara ya tatu ikisema kweli hataisikia.

Kifaa cha Luthuli na mipaka yake

Wengi mtasema, basi si ununue kile kifaa kidogo cha blututhi, usome mwenyewe kwa simu? Nilinunua, Luthuli Avenue, shilingi 1,200. Nakipenda. Lakini jueni kinachoweza na kisichoweza.

Ile soketi ya pini 16 chini ya usukani ilitokana na moshi. Jimbo la California lilikuwa linapigana na hewa chafu, na kuanzia magari ya modeli ya mwaka 1996 Marekani nzima ikalazimisha soketi moja na lugha moja, OBD-II, ili yeyote aweze kukagua kama injini inachafua hewa. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa sababu sheria ilikuwa ya moshi, lugha hiyo ya wote inahusu injini. Breki, usukani na mifuko ya hewa kila kampuni iliachiwa lugha yake.

Ndiyo maana kifaa changu kinafuta taa ya injini vizuri sana lakini hakiioni taa ya ABS wala ya mfuko wa hewa. Kifaa si kibovu, programu yangu haijui lugha hiyo tu. Kuna programu zinazojua lugha za kampuni moja moja, na kuna mashine kubwa za mafundi zinazojua nyingi. Msije mkakaa nje usiku mkifuta, mkifuta, taa ya ABS ikiwaangalia tu.

Vingi vya vifaa hivi ni nakala za chipu moja iitwayo ELM327, ya kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics. Toleo lao la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, likanakiliwa mpaka nakala zikawa nyingi kuliko chipu halali, na kampuni ilifunga milango mwaka 2022. Nakala zingine zinadai kuwa matoleo mapya na hazijui nusu ya amri. Ukipata kinachokataa kuongea na gari lako, usilaumu gari kwanza.

Jambo lingine: pini ya 16 kwenye soketi ile ina umeme wa betri muda wote, hata gari likiwa limezimwa. Ukikiacha kifaa kimechomekwa kitakuwa kinanyonya betri ile ile unayoihangaikia. Zaidi ya hapo, nenosiri la vingi ni 1234, na yeyote aliye karibu anaweza kuunganisha simu yake. Soma, chomoa, weka mfukoni.

Nifanye nini basi?

Huu ndio utaratibu ninaoufuata sasa. Si wa fundi, ni wa mtu aliyeogopa mara moja.

Kwanza, kuchaji kwa jampa. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuchoma kompyuta zote hizi tunazozizungumzia. Kama gari lako ni la haibridi, soma kitabu chake kwanza, na usilitumie kumsaidia jirani mwenye gari kubwa.

Pili, usimruhusu mtu kuvua kichwa cha betri injini ikinguruma eti anapima altaneta. Nimeona hili mara nyingi sana jua kali. Lilifaa magari ya babu zetu. Kwa gari la leo, ukikata betri ghafla altaneta inaweza kurusha umeme wa makumi ya volti kwenye kompyuta zako. Mita ya shilingi mia chache inatosha: injini ikiwaka, betri ya magari mengi isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma 12 na kushuka, hujamaliza shida, umeiahirisha.

Tatu, jaza betri kweli kweli. Mzunguko wa dakika ishirini mtaani haujazi betri iliyokufa. Ichajiwe usiku kucha au uendeshe safari ndefu, kisha duka la betri liipime. Ukifuta taa betri ikiwa bado nusu, kesho asubuhi zitarudi.

Nne, soma kabla ya kufuta. Piga picha ya skrini ya mashine. Hakuna kisichowezekana hapo, kila mmoja wetu ana simu yenye kamera. Kama ni fundi anayesoma, mwambie kwa heshima, "Fundi, nisaidie nipige picha kabla hujafuta." Anayekataa amekuambia jambo kuhusu kazi yake.

Tano, futa mara moja tu, kisha endesha na uangalie. Taa zilizokuwa za betri hazirudi. Inayorudi betri ikiwa nzima ni ya ukweli, na dawa yake si kufuta tena.

Sita, kuna vitu vinavyotaka kukumbushwa tu. Taa ya gari linaloteleza au ya usukani katika magari mengi huondoka ukizungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mwisho kulia, halafu ukaendesha moja kwa moja kidogo, maana sensa ya usukani ilisahau katikati ni wapi. Dirisha lisilopanda lenyewe, lipandishe na ushikilie kitufe sekunde kadhaa. Injini ikitikisika ikiwa imesimama, iache ingurume dakika chache, inajifunza upya. Redio ya Kijapani inayodai kadi au nenosiri, hiyo ni kinga ya wizi, na ni sababu nyingine ya kutovua betri kwa kila jambo.

Maana wapo wanaovua betri makusudi ili "kusafisha" taa. Ni sawa na kung'oa waya wa seva ukutani. Unapoteza yote ambayo injini ilijifunza kuhusu mafuta, redio inajifunga, na mara nyingi makosa ya mfuko wa hewa hubaki pale pale kwa sababu yameandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme.

Saba, kuna taa ambazo hazina mjadala. Nyekundu ya oili, nyekundu ya joto, nyekundu ya breki, na ya injini ikiwa inawaka na kuzima bila kukoma: simama pembeni. Taa ya betri inayobaki baada ya gari kuwaka ni altaneta au mkanda wake, haifutiki kwa mashine. Ya mfuko wa hewa haikuzuii kuendesha, lakini katika magari mengi maana yake ni kwamba siku ya ajali mfuko hautafunguka, na mtu asiyeijua kazi hiyo asiguse nyaya zake za manjano.

Na tafuta sababu. Mimi niliipata: kamera ya kioo cha mbele niliyofungiwa kwenye fyuzi isiyozimika. Inakula kama robo ampea. Pigeni hesabu: 0.25 mara saa 24 ni ampea-saa 6 kwa siku. Betri yangu ni ya 45. Kwa wiki moja na siku moja imekwisha, nami nilikaa wiki mbili. Gari lenyewe likiwa limelala linapaswa kula chini ya sehemu tano za mia za ampea moja, yaani 0.05, hivyo lingekuwa na nguvu ya kuwaka niliporudi. Kamera sasa iko kwenye fyuzi inayozimika na ufunguo.

Wanaofuta ili kuuza

Kuna kundi lingine linalopenda kufuta, na hapa nazungumza na mnaotafuta magari ya mitumba. Sheria yetu inaruhusu gari lililotumika liingie nchini likiwa halijazidi miaka minane, halafu linaendelea kubadilisha mikono humu humu kwa miaka mingi. Muuzaji mwenye gari bovu ana njia rahisi: anafuta asubuhi, unakuja saa nne, dashibodi ni safi kama sahani ya Krismasi.

Kifaa kile cha 1,200 kinaweza kumuumbua. Kompyuta ya injini ina majaribio yake ya ndani inayoyafanya polepole unavyoendesha, na ikifutwa yanarudi mwanzo. Kwenye programu ya simu tafuta ukurasa wa utayari wa majaribio. Ukikuta mengi hayajakamilika, mtu amefuta au amevua betri karibuni. Magari mengi pia yanahesabu kilomita tangu misimbo ilipofutwa. Ikisema kilomita 3, muulize muuzaji kwa upole, "Ndugu, jana ulikuwa unafuta nini?" Anaweza kuwa na jibu zuri, betri huisha kwa kila mtu. Lakini muulize.

Maoni yangu

Sitaki mtu asome makala hii aende kugombana na fundi wake. Fundi anauza tunachonunua, na sisi wateja tunanunua dashibodi isiyo na taa. Tunamlipa kwa kuzima. Hakuna anayelipa kwa kusomewa. Yule mzee wa Nakuru alinidai shilingi 500 za kusoma kabla hajashika hata spana, na najua wapo wateja wanaoondoka wakisikia hivyo, wakisema analipisha maneno. Maneno yale yalikuwa na thamani kuliko elfu mbili za giza.

Tena mafundi wetu wanafanya kazi wakiwa wamefungwa jicho moja. Magari yanakuja na vitabu vya Kijapani, na lugha za breki na mifuko ya hewa ni siri za kampuni. Marekani watu walilipigia kura jambo hili. Mwaka 2012 wapigakura wa jimbo la Massachusetts walipitisha sheria ya kulazimisha watengenezaji wa magari kuwapa wenye magari na gereji huru habari zile zile wanazowapa mawakala wao, na mwaka 2020 wakapiga kura tena kuipanua. Sisi tunaotumia magari mpaka yazeeke tunahitaji jambo hilo kuliko wao. Gari nimelinunua, na linachosema kuhusu breki zangu ni changu.

Lakini wakati tunasubiri sheria, kuna kitu hakihitaji bunge. Kila anayefuta aandike kwanza, na risiti ya gereji iwe na orodha ya misimbo kama risiti ya duka ilivyo na orodha ya bidhaa. Kila mwenye gari adai hivyo, hata kama ni kwenye kipande cha katoni.

Kipande changu ninacho bado. Kimeandikwa C0200 kwa kalamu ya bluu, na kimepakwa grisi. Nimekiweka nyuma ya kile kivuli cha jua, upande wa dereva. Mama alipopanda gari mwezi uliopita alikiona, akauliza ni nini. Nikamwambia ni jibu la lile swali lake la Mai Mahiu. Akafunga mkanda, akaangalia dashibodi mwenyewe kwanza, kisha akasema twende.

Haya, tuonane tena wakati mwingine, na safari njema.